Mshipi Mwekundu wa Kiondo

Jamani, mkicheka mcheke taratibu, maana hata leo nikipita sokoni Voi huwa nainamisha uso kidogo.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimeolewa juzijuzi huko Sagalla, na akina mama wengi walishahamia rangi za unga za dukani, isipokuwa mama mkwe wangu, aliyechemsha magome kama alivyofundishwa na mamake. Akaalika wanawake waje Voi waone vyondo vyake. Wakipenda wajifunze, wasipopenda basi, kazi hiyo ife naye. Mimi akaniachia nitie rangi mshipi wa kiondo kikubwa. Nyuzi zikishachemshwa lazima zilale kwenye maji ya jivu ndipo rangi ishike, lakini nilikuwa nimechelewa (nilikuwa nasukwa nywele, nitasema nini), nikaona mshipi ni mshipi tu, nikaziosha juujuu nikasokota.

Asubuhi mama mkwe akatangulia, nasi tukafuata, mume wangu mbele, mimi nyuma na mzigo wa vyondo mgongoni, mshipi kwenye kipaji cha uso, jua linachoma, jasho linatoka, nami najifuta bila kuangalia mkono kwa vile nilikuwa nawaza vile wale wanawake watakavyovikagua. Kufika sokoni, mama mmoja akaacha kupima maharagwe.

“Dada, nani amekupasua kichwa?”

Kabla sijajibu watu wametuzunguka, na askari kanga, wale wa chifu, amemshika mume wangu mkono. “Twende ukaeleze mbele ya chifu.”

Nikajigusa uso, nikaona vidole vyekundu, nikaelewa. Na mama mkwe huyo hapo, na wageni wake. Nikinyamaza, mume wangu anaenda ndani. Nikisema, nimeimaliza rangi ya mama mbele ya watu wake.

“Si damu,” nikasema. “Ni rangi ya kiondo.”

Walicheka mpaka askari akamwachilia mume wangu ili ashike mbavu zake mwenyewe. Mama mkwe hakucheka. Alinusa mshipi.

“Mwanangu, huu ulilala kwenye jivu?”

Nikatikisa kichwa. Wale wanawake wakaanza kuondoka, wengine moja kwa moja hadi dukani. Mama akanitua mzigo, akauweka ule mshipi kwenye kipaji chake.

“Kama ni kucheka, watucheke wawili,” akasema, tukapanda mlima nyuso zote nyekundu.

Tangu siku hiyo uzi hautoki kwangu bila kulala kwenye jivu, hata mwenye kiondo awe amesimama mlangoni akilalamika. Lakini wale wanawake hawakurudi.