Kusikilizwa Matangani

Tarehe 12 Agosti 2009 nilimpoteza mama, na siku ya mazishi nikapoteza kazi.

Mwajiri wangu, mwenye kinu cha mahindi Kitale, alifika matangani kwetu Kamukuywa na dereva wake. Walikula kwanza, kama wageni wote. Kisha akaniita nyuma ya hema, dereva akiwa naye.

“Pole sana. Sheria inataka nikusikilize mbele ya mwenzako kabla sijakufuta. Mbona hukuja kazini?”

“Namzika mama, bosi.”

Dereva akashangaa. “Si amefiwa, bana?”

“Sheria imesema nimsikilize. Haikusema nimkubalie.” Akanigeukia. “Umefutwa.”

Tuliporudi hemani, mwongozaji wa mazishi, ambaye hakuwa amesikia lolote, alimshukuru kwa kipaza sauti kwa kumjali mfanyakazi wake. Waombolezaji wakampigia makofi.