Mstari wa Juu wa Joviana

Mnaniudhi. Joviana alipokuwa hai mlipita mlangoni pake bila hata kuuliza kama ameamka. Leo mnataka nimwandike, tena mimi niliyeishia darasa la pili. Haya, kaeni niwasimulie.

Joviana alizaliwa Ijuganyondo, binti wa Karugendo, fundi mwashi. Karugendo hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo kazi yake akamfundisha Joviana: kuchanganya udongo, kuvuta kamba, kusimamisha kona. Jambo moja tu alimkatalia, ngazi. Mwanamke hapandi juu ya nyumba, ndivyo wazee walivyoshika. Ukuta ukizidi kimo chake Joviana aliweka vyombo chini, wanaume wakapanda kumalizia.

Alijenga hivyo miaka thelathini, na Uhuru ukamkuta bado yuko chini. Wachumba walikuja, wakaona mikono yake ilivyopasuka, wakaaga. Hilo hakulijali sana. Lililomkereketa ni kwamba Bukoba nzima hapakuwa na nyumba hata moja aliyoimaliza yeye.

Mwaka wa sabini na nne tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Muleba. Mwenyekiti akasimama mkutanoni akasema sasa wanawake na wanaume ni sawa, kila mtu afanye kazi anayoiweza. Joviana, na miaka yake hamsini na minane, akaenda moja kwa moja kwa Rwegasira, msimamizi wa ujenzi wa shule.

"Sasa napanda."

"Bibi, ungepanda ulipokuwa msichana."

"Nilipokuwa msichana mlisema mwanamke hapandi."

"Na sasa magoti ndiyo hayapandi. Ukivunjika kiuno nani atakubeba? Kalete maji, waitu, bibi yetu."

Akaleta maji. Lakini Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, alipandisha matofali mawili mawili, karai la udongo kichwani, akajenga mstari wa mwisho wa ofisi ya walimu. Kwaya aliisikia kwa mbali. Hakuwa na wa kumshikia kamba. Aliifunga upande huu, akashuka, akahamisha ngazi, akapanda upande wa pili kuivuta.

Jumatatu Rwegasira akaweka pimamaji juu ya ule mstari. Kipovu kikatulia katikati kabisa, mstari umelala sawasawa.

"Datius, umefanya kazi hata jana?"

Datius, fundi kijana, akatazama vidole vyake vya miguu. "Kidogo tu, mzee."

"Ni mimi," Joviana akasema.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Basi akapanda ngazi mbele yao, akakaa juu ya ukuta wake. "Sishuki mpaka mseme nani kajenga!"

Wakamtazama kidogo, kisha wakaenda zao bondeni kufyatua matofali. Sisi wanawake tulipita na kuni, tukainamisha nyuso. Hata mimi nilipita. Mvua ikamnyeshea huko huko juu. Jioni akashuka mwenyewe, maana hapakuwa na mtu wa kumwona alikofika.

Hakuitwa tena kazini. Hata kaburi lake alilijenga Datius.

Sasa wewe uliyesoma kati yenu, ofisi ile haijapigwa plasta mpaka leo. Nenda. Ingia, nyosha kidole kwenye mstari wa juu, useme kwa sauti mwalimu mkuu asikie: huu ni wa Joviana, binti Karugendo. Kisha upite kwangu uniambie umesema. Usipokwenda, ukinikuta njiani usinisalimie.