Kipande cha Katikati

Mama yangu, Bi Sophia, ana vidole vifupi na kucha zilizokatwa mpaka mwisho. Kwa miaka mingi nilidhani vidole vile vina kazi tatu tu: kupika, kufua, na kunifinya mimi nikikosea mbele ya wageni.

Nyumba yetu iko Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, moja ya zile nyumba za zamani za bati zilizobaki chini ya maghorofa. Chumba cha mbele amepanga Pantaleo, muuza mabeseni. Vya nyuma ni vyetu: baba, mama, kaka yangu Seifu na mimi Husna. Jioni tulikuwa tunatandika mkeka uwani na kula sote wanne kwenye sinia moja, kama walivyokula waliotuzaa.

Sinia lina adabu yake. Kila mtu ana upande wake, na hunyooshi mkono upande wa mwenzio. Mama peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuvuka mpaka. Samaki akishawekwa katikati, alimchambua mwiba mmoja mmoja, ile minofu ya katikati akaisogeza mbele ya baba, na yeye akabaki na mkia. Alisema mkia ndio mtamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeachika, na wanaume wanaochambuliwa samaki sina subira nao, kwa hiyo jambo lile lilikuwa linaniudhi. Baba, Mzee Mrisho, alikuwa na duka la vipuri vya cherehani pale Gerezani, na alijua kutofautisha skrubu mbili kwa kuzipapasa tu. Mtu wa namna hiyo anashindwaje na samaki aina ya changu?

Machi 2020 corona ikafika na shule zikafungwa. Mwalimu asiye na wanafunzi ni balaa kwa familia yake. Nilimfungia baba duka. Niliweka ndoo ya koki mlangoni na sabuni ya kipande kwenye kamba. Pantaleo nilimkataza kupita uwani bila barakoa, naye akanijibu kwamba hata alipokuwa jeshini hakuamrishwa hivyo. Halafu nikapiga marufuku sinia. Nilinunua sahani nne, nikaandika jina la kila mtu chini ya sahani yake kwa rangi ya kucha.

"Na mimi na baba yako?" mama aliuliza.

"Kila mtu, mama."

"Tunalala kitanda kimoja miaka arobaini na mbili. Ugonjwa utusubiri kwenye sinia?"

Seifu akacheka. Mama akataka kuongeza neno, lakini baba akamgusa goti, naye akanyamaza. Nililiona lile goti likiguswa. Nikajiambia, basi nimeshinda, maana baba yuko upande wangu.

Niseme ukweli, nilikuwa naogopa. Baba alikuwa na miaka sabini na moja. Kila akipiga chafya, niliacha nilichoshika nikasikiliza kama itafuata nyingine. Kila msiba uliotangazwa msikitini niliuhesabu kama hatua moja zaidi kuelekea mlangoni kwetu. Sikuwa na silaha nyingine yoyote zaidi ya sabuni, ndimu na zile sahani nne.

Ramadhani ikaingia. Seifu alileta samaki kutoka soko la Feri, mama akapika mihogo ya nazi, na mimi nikagawa. Kichwa nilimpa Seifu, mkia nikachukua mwenyewe, katikati nikawagawia wazazi. Mama alikula kile kipande taratibu, akanyonya mpaka vidole.

"Mama, mkia wako kaupora Husna, na wewe kimya?" Seifu akamtania.

"Mwache ale," mama alisema, akamalizia ukoko wa nazi uliogandia kwenye mfupa.

Baba ndiye aliyekuwa hamgusi samaki. Alikunywa uji, akala tende tatu, kaimati mbili, muhogo kidogo. Samaki alirudi jikoni kama alivyotoka. "Sina hamu," alisema. Siku ya tatu nikashtuka. Kila mtu mtaani alishajua dalili: ukipoteza ladha na harufu, ndiyo yenyewe hiyo. Nilikata ndimu nikamwekea chini ya pua.

"Baba, unasikia harufu?"

"Ndimu."

"Na hii?"

"Vitunguu. Husna, mwanangu, mimi si mgonjwa."

Sikumwamini. Nilimtenga zaidi: nikampa kigoda peke yake karibu na mlango wa jiko, hatua sita kutoka kwa mama. Mama alikuwa anakula huku anamtazama baba muda wote. Mwezi ulipofika katikati, kola ya kanzu ya baba ilikuwa inampwaya shingoni. Nilikuwa namwona baba yangu anapungua, na kila alivyopungua ndivyo nilivyozidi kumsogeza mbali na watu.

Siku ya kumi na saba nikaishiwa uvumilivu. Nilimwekea samaki mbele yake, nikasimama na mikono kiunoni, vilevile ninavyomsimamia mtoto asiyetaka kuandika.

"Baba, leo huyu changu utamla mbele yangu. Sitoki hapa."

"Husna, mwache baba yako," mama alisema.

"Mama, tafadhali."

Baba akachukua samaki. Alimpapasa kwanza, akamega, akatia mdomoni, akatafuna kwa haraka ya mtu anayetaka jambo liishe. Nikatabasamu. Akamega tena. Mara akasimama, mkono kooni, macho yakamtoka, akaanza kukohoa.

Kukohoa, mwezi wa Mei mwaka 2020, katika nyumba yenye mpangaji! Dirisha la Pantaleo likafungwa kwa kishindo. Nyuma ya dirisha ikatoka sauti: "Dada Husna, mfukizeni mzee! Majani ya mwarobaini, mchaichai, limao! Mfunikeni na blanketi!"

"Ni mwiba wa samaki!" Seifu alipiga kelele.

"Ndivyo wanavyoanzaga hivyohivyo!" Pantaleo akajibu.

Tukampa tonge la muhogo ameze bila kutafuna. Tukampa ndizi mbivu. Mwiba haukutoka, na sasa alikuwa anatema mate yenye damu. Nikasema twende zahanati. Dereva wa bajaji wa kwanza alisikia kikohozi akaondoa chombo bila hata kuuliza tunaenda wapi. Tukatembea. Kariakoo, mahali ambapo mikokoteni inakusukuma tangu alfajiri, jioni ile watu walituachia njia tukapita kama tumeikodi barabara.

Mama alimshika baba kiwiko. Mimi nilikuwa nyuma yao, na ndipo nikasikia mama anasema neno moja moja, kwa sauti ya chini sana.

"Mtaro. Panda. Jiwe. Mtaro mwingine. Sasa ni sawa."

Alisema vile bila kufikiri, kama mtu anayevuta tasbihi. Haikuwa kazi aliyoianza siku hiyo.

Pale zahanati, daktari kijana aliyeitwa Heriel akamwamkia, "Shikamoo mzee," na baba akainua mkono badala ya marahaba. Akaingizwa ndani, Seifu amemshika mkono. Tukabaki kwenye benchi, mimi na mama. Uchungu ulinijia kwa sura ya hasira, ndivyo nilivyoumbwa.

"Mwiba mkubwa vile hakuuona?"

"Hakuuona," mama alisema. "Haoni, Husna. Jicho la kulia lilikwenda zamani. La kushoto anaona mwanga na kivuli cha mtu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu. Kaka yake alipasuliwa macho akarudi kipofu kabisa, basi naye anaogopa. Na aliogopa mkijua mtamfungia duka. Akaniapisha. Chakula ndiyo ilikuwa shida, nami nikamwambia chakula niachie mimi."

Usione vyaelea, vimeundwa. Miaka sita baba alikula mbele yetu bila kukwama, kwa sababu kulikuwa na vidole vifupi vinavyotangulia mkono wake na kuacha njia salama. Na mimi, kwa mapenzi na rangi yangu ya kucha, ndiye niliyevitenganisha. Nililia pale kwenye benchi mpaka barakoa ikalowa. Mama hakunibembeleza. Alinifinya paja, si kwa nguvu sana, akasema, "Nyamaza, atakusikia. Masikio yake mazima."

Daktari Heriel alitoka na mwiba kwenye kipande cha pamba, urefu wa kiungo cha kidole. Akasema pia kwamba amemtazama macho, ni mtoto wa jicho, inatibika, na kwamba mzee angeletwa mapema asingefika pale.

Kesho yake magharibi nilitoa sinia dogo kabatini, nikaliosha, nikaliweka kati ya wazazi wawili. Mimi na Seifu tukabaki na sahani zetu hatua sita mbali. Mama akachambua. Baba akala samaki mzima, akaomba na mchuzi. Pantaleo naye alitokea na barakoa mbili usoni, moja juu ya nyingine, akaleta beseni jipya la kunawia kama samahani.

Kumshawishi baba apasuliwe kulichukua miezi minne. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa, watu wameshaanza kusahau ndoo zao, na duka la Gerezani limefunguliwa na Seifu. Walipomfungua kitambaa jicho la kushoto, jambo la kwanza alilosema ni kwamba ukuta wa uwani ni mchafu.

Ijumaa iliyofuata nilirudisha sinia kubwa. Wali, changu wa nazi, sote wanne. Baba alikuwa na miwani yake mipya, anatazama kila kitu kama mgeni. Mama, kwa mazoea, akachambua kile kipande cha katikati akakisogeza mbele ya baba, akavuta mkia kwake.

Baba akautazama ule mkia. Umekauka, mfupa mtupu na ngozi.

"Mama Seifu, ndicho unachokula hicho?"

"Mkia ndio mtamu. Napenda mkia mimi."

Nikakumbuka Ramadhani, mama anavyonyonya vidole. Nikafungua mdomo niseme. Mama akanitupia jicho, nikaufunga; siri moja ya nyumba ile niliona na mimi naweza kuitunza.

Lakini baba hakuhitaji kuambiwa. Alichukua minofu ya katikati, akainamisha kichwa karibu kabisa na sinia, akaanza kuchambua. Alichukua muda mrefu, wali ukapoa, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akavuka mpaka, akaiweka ile nyama mbele ya mama.

"Kula, mke wangu. Nimeitoa miiba yote."

Mama akatia mdomoni. Akatafuna, akapunguza mwendo, shavu moja likasimama. Baba alikuwa anamwangalia kwa jicho lake jipya, anasubiri.

"Tamu," mama alisema.

Baba alipogeuka kuchukua maji, mama akautoa mwiba mdomoni kwa vidole viwili, akauficha chini ya ukingo wa sinia, akamega tena.