Nilitangaza Siku ya Mama

Kazi yangu ni kutangaza siku. Niko kwenye bibliotheki ndogo hapa Butembo, vyumba viwili tu: kimoja cha vitabu, kingine tunakiita makumbusho kwa heshima, maana ni rafu tatu za vyungu na vikapu vya zamani ambavyo watu walituletea. Kila mwezi naandika karatasi ya mambo yanayokuja: Jumatano batoto watasomewa hadithi, Ijumaa wanafunzi watajadiliana, mwisho wa mwezi maonyesho. Naweka siku, saa, nani atakuja na anatoka wapi. Afishi zinabandikwa sokoni, kwenye makanisa, mpaka Beni, na radio wanasoma. Nimefanya hivyo miaka sita na nilijiona fundi.

Lakini kwetu Mabalako, kijijini nilikotoka, siku ya safari haisemwi. Mtu wa kwetu akitaka kwenda Beni au Butembo hamwambii jirani, hamwambii mchungaji, na batoto ndiyo kabisa. Mama yangu ni mjane, mtu wa shamba na kanisa. Akisafiri anatoka nyumbani na nguo za kulimia, jembe begani, kitenge cha Jumapili kimekunjwa chini kabisa ya kikapu, anasalimia watu njiani kama anaenda kwenye maharagi yake. Utajua amesafiri siku akifika. Hatukuanza hivyo kwa kupenda siri. Kuna kwaya moja ilitangaza kanisani kwamba Jumamosi inaenda kuimba Beni. Barabarani watu wa porini wenye bunduki waliwangojea, na wengine katika wale waimbaji hatujawaona tena mpaka leo. Tangu hapo watu walifunga midomo. Na mimi nilifunga, halafu nikaja mjini, nikapewa meza na kalamu, nikasahau.

Maonyesho ya mwezi ule yalikuwa juu ya mkanda wa kubebea mzigo, ule unaosukwa kwa nyuzi na kupita kwenye paji la uso, mzigo ukikaa mgongoni. Mama zetu wote wamebeba kuni na viazi kwa mkanda ule, na ukiwaangalia vizuri wengi wana alama yake pajini. Siku hizi wanaonunua ni wengi, wanaojua kusuka ni wachache, na sijaona mtu anayesuka kumpita mama yangu. Mimi ndiye niliyesema aitwe. Mkuu wetu, ambaye serikali ilimtuma kwetu kutoka mkoa wa mbali, mtu mpole, alifurahi akaniambia niandike vizuri, watu wajue kwamba ni mama wa kijijini kweli, si mtu wa mjini wa kuigiza.

Basi nikaandika vizuri. Jina lake lote. Kijiji. Kwamba atafika Jumamosi asubuhi kutoka Mabalako na saa nne kamili ataanza kusuka mbele ya watu. Nilitaka jina la mama yangu lisomwe kwa radio, niseme ukweli. Kilikuwa kiburi, na kiburi kile kilikuwa kitamu. Mama mwenyewe nilikuwa nimemwita kwa simu ya jirani yake, nikamwambia mwezi huu tuna maonyesho na tunamwomba aje Jumamosi ya mwisho. Alijibu tu kwamba amesikia.

Jumatano nilikuwa nachambua maharagi jikoni, radio iko dirishani. Wakafika kwenye tangazo letu. Yule mtangazaji ana sauti nzuri, na siku ile aliongeza na maneno yake: wapendwa wasikilizaji, mama huyu ataamka mapema, atashika barabara ya Mangina na Beni, atakuja mpaka hapa kwa ajili yenu. Nikayaacha maharagi. Mungu wangu, nilisema. Nilimwona mama akilini, nyuma ya motari juu ya pikipiki, na kikapu chake, katika saa ambayo mimi mwenyewe nimeiandika, na wale wa porini na radio yao wanasikiliza kama sisi. Wanayo radio, kila mtu anajua. Na mtu anayesemwa kwa radio wanadhani ana watu wakubwa mjini wa kumlipia.

Nilipiga simu kwa yule jirani wa mama, nikauliza mama atatoka siku gani. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Akaniuliza tena, mimi ni nani kweli, na mbona nataka kujua mama fulani atatoka siku gani. Nikaanza kulia, na kulia kwangu kukamtia hofu zaidi, akakata. Niliporudia, simu ilikuwa imefungwa.

Nikakimbia mpaka radio na viatu vya nyumbani. Walinipokea vizuri. Wakasema wanaweza kutangaza kwamba mama haji. Nikasema hapana, akiwa tayari yuko njiani je? Wakasema basi watangaze saa nyingine. Nikasema hapana! Kila dawa waliyoniletea ilikuwa tangazo lingine. Mwishowe walikubali kunyamaza tu, na kunyamaza hakufuti kitu ambacho watu wamekwisha kusikia. Nilitoka pale, nikabandua afishi sokoni kwa kucha zangu, wauza viazi wakiniangalia kama mwenda wazimu. Za Beni sikuweza kuzifikia.

Mume wangu ni mwalimu, naye si mtu wa hapa, kazi ndiyo ilimleta. Alinisikiliza, akasema mama ana akili kutupita sote, nitulie. Nilimkasirikia. Niliona anasema hivyo kwa sababu si mama yake.

Jumamosi watu walijaa. Wamama wa kanisa, wanafunzi, hata askari wawili wasio kazini. Katikati ya chumba tuliweka kiti, na chini ya kiti nyuzi zimelowekwa kwenye beseni. Saa nne ikafika, kiti kitupu. Saa nne na nusu. Motari mmoja aliyetoka Beni akasema mlangoni kwamba barabara ya Mangina imefungwa tangu asubuhi. Nikamuuliza juu ya nini, kwa sababu gani. Akasema hajui, waliambiwa tu wasipite, na milio ya risasi ilisikika. Nilishika rafu, chungu kimoja kikaanguka kikapasuka, na hakuna aliyenigombeza. Mkuu alianza kuwaeleza watu habari za nyuzi, mambo ambayo hakuyajua, ili wasiniangalie. Mimi nilikuwa nahesabu: kama alitoka saa kumi na mbili, angekuwa wapi saa mbili? Nimemuua mama yangu kwa karatasi. Nilikuwa nasema maneno hayo kwa sauti, nadhani, maana mwanafunzi mmoja alisogea mbali nami.

Ndipo mama akaingia.

Kitenge kimepigwa pasi. Viatu havina vumbi hata kidogo. Alisalimia watu wote, akaketi, akachukua nyuzi kwenye beseni, akazisokota pajani na kuanza. Hakutoka Mabalako asubuhi ile. Alikuwa Musienene, upande wa pili wa Butembo, kwa mudogo wake, tangu Jumatatu, kabla radio haijafungua mdomo. Jumatatu ile alipita Butembo, mbele ya soko, karibu kabisa na mlango wa kwangu, na hakupiga hodi.

Alifundisha vizuri sana. Aliwavalisha wasichana mkanda, akawacheka shingo zao laini za mjini, watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama nyuma yake wakati wote. Watu walipopungua niliinama kwenye sikio lake.

"Mama, juu ya nini haukuniambia?"

Hakuacha kusuka. "Nikuambie weye? Weye njo ulinisema ku radio."

Hakukasirika. Angekasirika ningeomba msamaha, yangeisha. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali utelezi ulipo.

Alikaa kwetu siku kadhaa. Habari za barabara zilikuja polepole: motari wawili walikuwa wamesimamishwa Jumamosi ile, abiria wao wameingizwa porini. Hakuna aliyejua kama walikuwa wakimtafuta mtu au walichukua tu waliopita. Mama alisikia, akaomba, hakuniangalia. Kila asubuhi nilitaka kumuuliza atarudi lini, na kila asubuhi nilimeza.

Jumatano nilirudi kutoka kazini nikakuta kitanda chake kimetandikwa, kikapu hakipo. Niliita chumba hadi chumba. Mume wangu alikuwa mezani anasahihisha kazi za wanafunzi.

"Ameenda," alisema. "Nilijua tangu Jumapili. Mimi njo nilimtafutia motari."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaweka kalamu chini.

"Alinikataza," akasema. "Alisema naweza kumwambia kila mutu, lakini wewe hapana."

Nilikaa mbele yake, mkoba bado begani. Nilihisi hofu ambayo sikuwa nimeionja hata Jumamosi. Siku zote nilijua kuna watu ambao mama anawaficha njia yake. Sikujua kwamba nimo. Tukangoja. Giza lilipoanza kuingia simu ililia, simu ya mume wangu, si yangu. Alisikiliza kidogo, akaniangalia, akasema asante mama, asante sana.

"Amefika."

Nikanyoosha mkono anipe niseme naye. Mama alikuwa amekwisha kukata.