Nafasi na Kiatu cha Ukutani

Unaujua urefu wa mguu wako? Si saizi, urefu, kwa sentimita, kuanzia kisigino hadi kidole kinachotangulia vingine. Huujui. Basi usimcheke fundi viatu huyu, maana yeye aliijua miguu ya mtaa mzima, na bado mguu wa bintiye ukamshinda.

Walimwita Nafasi. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja, na humo, kwa miaka thelathini, alipigana vita moja tu: kutanua viatu vinavyobana. Makarani na walimu wapya waliingia wakichechemea, wakatoka wakitembea. Alikuwa na miguu ya mbao yenye skrubu katikati. Akiiingiza ndani ya kiatu na kuikaza, ngozi ilisalimu amri. "Kiatu kinachobana ni dhuluma," alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia.

Kitindamimba wake alikuwa msichana aliyefuta madirisha ya ofisi mchana, na jioni akapanda ukuta. Palikuwa na ghala la zamani ambalo ukuta wake wa ndani ulipigiliwa vishikio vya rangi rangi toka sakafuni hadi kwenye kengele iliyoning'inia darini, watu wakipanda na kamba kiunoni. Majirani waliuliza msichana anatafuta nini darini. Aliponing'inia nje ya madirisha ya ofisi zao, hawakuuliza.

Sasa ghala lilitafuta mwalimu wa watoto. Mtihani ulikuwa Jumamosi asubuhi, na raba za binti zilikuwa zinateleza. Akaamua kuagiza mtandaoni viatu vyenyewe vya kupandia ukuta.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Nafasi alimwambia. "Sembuse kiatu cha kwenye simu."

"Ndiyo maana nataka unipime, baba."

Alimsimamisha juu ya kadibodi jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi za kutwa, kisigino kikigusa ukuta, akaichora yote miwili, maana hakuna miguu pacha. Sentimita ishirini na nne na nusu, wa kulia ukizidi kidogo. Binti akalinganisha na jedwali la mtengenezaji, kwa kuwa arobaini ya huyu ni thelathini na tisa ya yule, kisha akasoma maoni ya wanunuzi mpaka simu ikaishiwa chaji. Akachagua thelathini na nane na nusu.

"Wewe unavaa arobaini," Nafasi alisema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa.

"Vya kutembelea. Hivi havitembelewi, ni vya kusimama kwa ncha. Vidole viguse mbele, vijikunje kidogo, kisigino kisibaki na hewa. Na hakuna soksi."

"Mwanangu, hata mfungwa hupewa saizi yake."

Viatu vilichelewa siku nne, vikafika Ijumaa mchana. Binti akavivaa, akakunja uso, akatembea hatua tatu kama kuku aliyekanyaga makaa. "Vimenikaa sawasawa," akasema, akavivua, akarudi kwenye madirisha yake.

Nafasi alibaki navyo mapajani. Baba gani angeviacha? Akavilowesha kwa maji ya moto, akaingiza miguu ya mbao, akakaza skrubu mpaka ngozi ikalia. Alipanga asiseme kitu. Mtoto angeona mwenyewe na kumshukuru Mungu.

Saa kumi na mbili jioni binti aliingiza mguu, nao ukaingia kama mchi kwenye kinu. Hakupiga kelele. Alikitazama kiatu, kisha akamtazama baba yake, na Nafasi akatamani angalau zingekuwa kelele.

Mama mtu alichungulia kutoka jikoni. "Vyangu vinanibana tangu mwaka juzi, kila siku naambiwa kesho. Hivyo umeviwahi."

"Mtihani ni kesho, baba," binti alisema. "Na duka halipokei viatu vilivyolowa."

"Nitavipunguza."

"Umewahi kupunguza kiatu?"

Hakuwahi. Katika miaka thelathini, hakuna aliyemletea kiatu akilalamika kwamba kina raha mno. Akakata ngozi nyembamba, akaibandika ndani kwa gundi. Akakunja ngozi ya kisiginoni, akaishona kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Binti alikaa amemwekea mguu mapajani.

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Pole," alisema Nafasi, akavuta uzi. "Sasa je?"

"Bado nina raha."

"Vumilia, mama. Itakwisha."

Chakula kilipoa mezani. "Vinabana," binti akasema hatimaye huku akitabasamu, na kwa mara ya kwanza maishani Nafasi akalipokea neno hilo kama pongezi.

Kesho yake asubuhi alikaa kwenye benchi ndani ya ghala. Kijana aliyetangulia aliteleza karibu na dari, kwenye kishikio kidogo kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Binti akafika hapo hapo. Ncha ya kiatu ikagusa, ikatulia. Kisigino chenye uzi mwekundu kikainuka. Chini, ndani ya kandambili zake pana, Nafasi alikunja vidole vyote kumi, asivikunjue hata aliposikia kengele ya juu ikigongwa.

Binti akashushwa kwa kamba. Mkuu wa ghala akamvisha shingoni filimbi ya mwalimu. Yeye akaketi, akavua viatu, akasugua vidole, kisha akamnyooshea baba yake kimoja.

"Hiki cha kushoto kinapwaya kidogo."

Nafasi akatoa sindano kwenye mfuko wa shati.