Hodi Kwenye Jiwe Lililopasuka

Kuna asubuhi moja naikumbuka vizuri kuliko ningependa, mwanangu. Ilikuwa miaka ile maduka ya Musoma yalipoanza kujaa tena baada ya shida ndefu ya sabuni na nguo, na watu wakaanza kusafiri kwa ajili ya kuona tu. Nilikuwa kijana wa Iringo, pale pale Musoma mjini, nimeoa Butiama. Kwa kujisomea mwenyewe nilikuwa nimejua majina ya miti mingi. Kwa hiyo wageni wawili kutoka Mwanza waliponiomba niwapandishe kwenye msitu wa mlima ulio nyuma ya nyumba ya wakwe zangu, nilikubali kwa majivuno.

Niliwaonyesha miamba iliyobebana, tumbili, na ziwa likimeta kwa mbali. Likabaki bwawa la chemchemi. Kabla ya kulifikia kuna jiwe kubwa lililopasuka katikati. Hapo kila mwanamume husimama, huita hodi na kusubiri ajibiwe, maana wanawake huoga kule chini. Nililijua hilo. Nikasimama, nikakohoa.

"Vipi, kuna mashetani?" mgeni mmoja akacheka, kamera mkononi.

"Hapana, ndugu yangu. Mambo ya kizamani tu," nikasema, nikatangulia bila kuita.

Bwawani alikuwepo mama mkwe wangu, anaoga. Mwanangu, mimi hata kula mbele yake nilikuwa siruhusiwi. Hakupiga kelele. Aliugeukia mwamba, akavuta kanga yake, akabaki ametupa mgongo mpaka tulipoondoka. Yule mgeni aliifunga kamera bila kuambiwa. Alikuwa na adabu kuliko mimi mwenyeji wake.

Jioni baba mkwe aliniita uani.

"Mkwe, ile miti yote unaijuaga majina?"

"Mingi, baba."

"Na hodi? Hiyo haimo kwenye vitabu vyako?"

Nilipeleka mbuzi wa faini kama wazee wa ukoo walivyoagiza. Mama mkwe alituma neno kwamba amenisamehe, nami naamini alinisamehe. Lakini hakurudi tena kwenye bwawa aliloogea tangu alipoolewa pale. Miaka yote iliyobaki alichota maji kwenye kisima cha barabarani, mbali mara mbili, na kila nilipowatembelea niliiona ndoo yake ikipanda mlima taratibu kurudi nyumbani. Nilikuwa nimemnyang'anya mahali pake.

Mwanangu, nenda ukaone milima na misitu. Ni vizuri mtu ajue nchi yake. Ila pale unapopaita pazuri pana watu wanaochota, wanaooga, waliozika wazee wao. Ukikuta desturi ya kuita, ita, hata wenzako wakicheka. Kicheko cha wageni wangu kingekwisha kabla hatujafika bwawani.

Mungu akupe miguu ya kufika mbali, na sauti yako itangulie kufika kabla ya miguu.