Kaptula Iliyozuia Maji ya Kijiji

Cheka tu, maana mjinga wa kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Bomba letu pale Shume lilikauka wiki mbili. Kina mama wakawa wanapanda mlima na ndoo. Bwana wa Tume ya Uchunguzi alipokuja kusikiliza malalamiko ya wananchi, nani alisimama wa kwanza? Mimi!

"Shikamoo mzee! Halmashauri imelala. Fundi wao wa maji afukuzwe!"

Watu wakanipigia makofi, nikavimba kama chura.

"Marahaba. Twende tukalione hilo bomba," akasema.

Tukapanda kijiji kizima mpaka kwenye chanzo, mimi mbele naimba. Fundi yule yule niliyetaka afukuzwe akaingiza mkono kwenye mdomo wa bomba, akavuta, akavuta, ikatoka kaptula. Matakoni ina kiraka cha khanga ya Uhuru, kiraka ambacho hata watoto wanakijua.

Jamani, niliifulia pale pale chanzoni, mahali palipokatazwa! Kaptula ilivyoniponyoka nikadhani imekwenda na mto.

Mama yangu akajifunika uso kwa khanga. Bwana wa Tume akafungua daftari, akashika kalamu.

"Ndugu, bomba limepona. Hebu rudia, ulisema nani afukuzwe?"